Agatopo, Aliyewasomea Madobi

Ndugu waombolezaji, jamaa wote wa nyumba ya Volkeyo, wanachama wenzetu wa chama cha maziko, majirani wa ng'ambo ya Tiberi, na ninyi madobi wa Primigeni mlioacha kazi zenu mkaja hapa na miguu bado imekunjamana kwa maji, mimi ni Hilaro, mnakili wa vitabu na mkwe wa marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya baba yetu Kwinto Volkeyo Agatopo, ila mama mkwe wangu Mirtale, aliyeketi pale mbele, ameshanionya asubuhi hii, "Usituchoshe, maana wewe unapenda kuchokonoa mambo," na ni kweli napenda, lakini leo nitajitahidi kufuata mstari.

Marehemu alizaliwa siku ya Kalenda za Mei, siku ya kwanza ya mwezi huo, mwaka wa pili wa Kaisari Vespasiano, katika shamba la ukoo wa Volkeyo karibu na Kapua, akiwa mtoto wa pili wa mama Zosime, mfumaji wa nyumba hiyo, na wa baba ambaye hakuwahi kutajwa, na kwa kuwa mama alikuwa mtumwa, naye alizaliwa mtumwa, maana kwetu mtoto huifuata hali ya mama yake, jambo ambalo nawaomba mlishike, kwa sababu ndilo lililomnyima raha baba mkwe kwa miaka mingi kuliko ugonjwa wowote.

Kuhusu elimu, marehemu aliletwa hapa Roma akiwa na miaka saba, akawekwa pamoja na watoto wengine wa nyumba chini ya mwalimu Mgiriki aliyekuwa mkali wa fimbo na mwepesi wa usingizi, akajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na ilipogundulika kwamba sauti yake inafika ukutani bila kupiga kelele, aliondolewa kwenye hesabu na kufundishwa usomaji, na alipotimiza miaka kumi na mitano alianza rasmi kazi ya kuwasomea mezani wageni wa Bwana Pansa, mkuu wa nyumba hiyo ya Volkeyo, wao wakila konokono na yeye akiwapa mashairi. Hapo ndipo alipoanza tabia iliyomfuata hadi uzeeni, ya kuinua macho juu ya gombo na kuwachunguza wanaosikiliza, kwani alitaka sana kujua ni nani kati yao aliyemo ndani ya shairi na ni nani aliyemo ndani ya sahani, na aliniambia kwamba wageni wengi walitikisa vichwa kwa sababu ya kutafuna tu.

Sasa naingia kwenye kazi iliyompatia uhuru wake, nanyi majirani ambao hamjawahi kualikwa kwenye usomaji wa wakubwa mniwie radhi nikirefusha kidogo. Mwezi wa Aprili, mwaka wa tano wa Kaisari Trajani, Bwana Pansa alikamilisha utenzi wake wa vitabu kumi na viwili juu ya vita vya babu yake jemadari kule Dalmatia, kazi ya miaka kumi na mmoja, akakodi ukumbi kwa siku tatu, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba na ya kukwaruza, aliamua kwamba Agatopo asome, naye mwenyewe aketi kando akionyesha kwa mikono na kuchezesha midomo, kama wafanyavyo wenye cheo wengi waliojaliwa maneno wakanyimwa koo, kisha akamwahidi mbele ya mashahidi wawili, "Siku ya tatu ukifika mstari wa mwisho na ukumbi umejaa, wewe ni mtu huru."

Ahadi ilikuwa nzuri, lakini baba mkwe alikuwa ameusoma ulimwengu huo kuliko alivyosoma vitabu, akajua kwamba kuujaza ukumbi mwezi wa Aprili si mchezo, maana waalikwa huketi nje barazani wakipiga soga, wanatuma watumwa wachungulie, "Ameshaingia? Amemaliza utangulizi? Gombo limebaki unene gani?" kisha wanaingia kwa kujikokota na kutoka kabla ya mwisho, mmoja akikohoa, mwingine akijidai amekumbuka kesi mahakamani, na wanaobaki ni wale wa benchi la katikati tu, wanaolishwa chakula cha jioni ili wapige makofi kila kiongozi wao anapoinua kidole. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa nusu, siku ya pili robo, na siku ya tatu asubuhi marehemu alikunywa maji mara tano kabla hajasimama.

Alifungua gombo la kumi na mbili, lililobakizwa kwa siku hiyo, na mstari wa kwanza alioukuta mbele ya macho yake ulikuwa wa jemadari akikata roho. Sisi tunaoshika vitabu tunalijua kosa hilo na tunaliogopa, kwamba anayemaliza kusoma asipolikunja gombo kurudi mwanzo, anayefuata anapokewa na mwisho, na aliyefanya hivyo alikuwa Bwana Pansa mwenyewe, ambaye jana yake alijifungia chumbani akausoma mwisho wa kazi yake, akalia, akaliacha gombo kama lilivyo. Kulikunja upya mbele ya wageni kungechukua muda wa mtu kumenya na kula yai, na Bwana alikuwa tayari ameinua mikono kuonyesha mapambazuko, kwa sababu kitabu kilitakiwa kuanza na mapambazuko, basi marehemu akajikaza kisabuni, akasoma, na kwa muda jemadari alikuwa anakufa huku Bwana pembeni yake akichomoza jua kwa vidole kumi, hadi alipong'amua, mikono ikabaki hewani, na nyuma ya pazia la wanawake kikasikika kicheko kimoja.

Lakini huko nje mtumwa wa mheshimiwa mmoja alikuwa amechungulia mlangoni, akasikia kilio cha askari, akarudi barazani mbio, "Jamani ingieni, anakufa! Ameshakufa! Mtakuta watu wanatoka!" na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuonekana na mwenye kazi yake akiwa na chozi jichoni saa ya mwisho, baraza lote lilimwagika ndani, wakabanana hadi kwenye madirisha, na marehemu alipofika mstari wa mwisho ukumbi ulikuwa umejaa kuliko ulivyowahi kujaa kwa utenzi wowote mwaka ule.

Masharti yalikuwa yametimia, mstari wa mwisho umesomwa na ukumbi umejaa, mashahidi wapo, na mtu mwingine yeyote angenyamaza hapo akaenda zake huru, na mimi kwa miaka mingi nilimsumbua baba mkwe kwa swali hilo, kwa nini hukunyamaza, naye alinijibu kila mara kwa maneno yaleyale, "Nilitaka kujua kama watakaa." Kwa hiyo aliinua mkono kuzuia makofi, akasema, "Mmesikia jemadari anakufa akiita jina la adui aliyemzamisha mtoni kwa mikono yake mwenyewe. Kuna anayejua kwa nini?" na mzee mmoja mwenye kitambi akageuka kwa jirani yake, "Kweli, mbona amemwita yule?" na hapo wakaketi mmoja baada ya mwingine, wakamsubiri akunje gombo lote kwa mikono miwili bila haraka, wakasikiliza kuanzia mapambazuko hadi kifo, na mara ya pili jemadari alipokata roho mzee wa kitambi alikuwa analia kwa sauti, wala benchi la katikati halikukumbuka kuangalia kidole cha mtu. Siku tisa baadaye marehemu aliguswa kwa fimbo ya uhuru mbele ya hakimu, akatoka akiwa Kwinto Volkeyo Agatopo, mtu huru, mwenye umri wa miaka thelathini.

Kuhusu ndoa, kile kicheko cha nyuma ya pazia kilikuwa cha Mirtale, msusi wa mke wa Bwana, na mazungumzo yao ya kwanza nimeruhusiwa kuyasema. "Wewe ulianzia mwisho," alimwambia. "Nilikusudia." "Mwongo." "Umemwambia nani?" "Ningemwambia mtu saa ngapi, nami nataka kujua yule adui ni nani?" Mama unacheka, basi ni kweli. Walianza kuishi pamoja mwaka uleule, ingawa sheria haikuwaita mume na mke kwa kuwa mama alikuwa bado mtumwa, na siku kumi kabla ya Kalenda za Septemba, mwaka wa saba wa Kaisari Trajani, wakajaliwa binti yao pekee, Helpide, mke wangu. Mama aliachwa huru miaka minne baadaye kwa wosia wa bibi yake, yule mke wa Bwana, ikawa amechelewa miaka minne, kwa sababu Helpide alishazaliwa na mama mtumwa, akabaki mali ya Bwana Pansa, kwa hiyo wazazi wawili huru wakawa wanapanda kilima hadi nyumbani kwa Bwana kumwona mtoto wao kwa ruhusa.

Tangu alipopata uhuru marehemu alipanga chumba hapo juu ya nyumba ya kufulia ya Primigeni, harufu yake wote tunaijua na leo hatutaisema, akaishi kwa kukodiwa kusoma mezani na baadaye kunisahihishia nakala katika duka langu la vitabu, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama mlangoni mwa nyumba hiyo ya kufulia akawasimulia watu waliokuwa wakikanyaga nguo kwenye mabirika. Nimejiuliza sana wale walitaka nini kwake, kwani hawakualikwa, hawakulishwa, na wengi hawajui herufi, lakini ninyi wenyewe mlimwekea sharti tangu siku ya kwanza, "Tuambie kwanza anakufaje, ndipo tuone kama anafaa kusikilizwa," naye akawasomea utenzi wa Bwana Pansa kuanzia kifo kurudi nyuma, kipande kwa kipande, mkikanyaga kwa mapigo ya mashairi, na uliisha ukaanza tena sijui mara ngapi katika miaka kumi na saba.

Mwaka wa pili wa Kaisari Hadriano, majira ya kuchipua, habari zilifika kwamba mpwa wa Bwana Pansa, aliyekuwa mrithi wake, amemwahidi rafiki yake wa Lugdunumu kule Galia kwamba mjomba akishazikwa atampelekea Helpide akawe msomaji wa mkewe, maana binti alikuwa amerithi koo la baba. Bwana alikuwa mzee, macho yamefifia, na kila mafua yake yalikuwa hofu kwetu. Baba mkwe alipanda kilima, akapiga goti ambalo hakuwahi kulipiga hata alipokuwa mtumwa, akasema, "Bwana, nipe mtoto wangu," naye Bwana akamjibu kwa uchungu, "Nikupe kwa lipi? Leo mpwa wangu ameniletea samaki aliyefungashwa kwa vipande vya kitabu changu cha tano, akacheka mbele yangu. Nionyeshe mtu mmoja, Agatopo, mmoja tu, ambaye sikumwalika, sikumlisha, wala hanijui, naye anataka kuusikia utenzi wangu. Hapo utapewa."

Kesho yake Bwana Pansa aliletwa huku kwetu kwa Primigeni kwenye kiti cha kukodi cha kubebwa mabegani, amevaa joho la kawaida, kitambaa puani, akiwa ameshika shuka la kufuliwa ili aonekane mteja, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilifuata koti langu, nikaona baba mkwe alivyokauka midomo, maana madobi hakuwaambia neno, na Primigeni akampokea kwa kusema, "Baba Helpide, huyu umetuletea mteja au mgonjwa?" Kisha wakaingia mabirikani, wakashika kuta, na mmoja akaita, "Haya, tumechelewa! Tuliwaacha mtoni, na punda hataki kuvuka."

"Punda gani?" Bwana akauliza.

"Punda wa jemadari," Primigeni akamjibu, "yule anayemsema bwana wake."

"Hamna punda katika utenzi huo."

"Mzee, wewe umeusikilizia wapi? Punda yumo. Bila punda angeongea na nani usiku mzima, maji?"

Ndugu zangu, hapo baba mkwe alikuwa amepatikana, kwa sababu punda huyo aliingia mwaka wa kumi wa masimulizi, madobi walipolalamika kwamba jemadari ana majonzi mengi na hana wa kumtania, akawapa punda, na punda akakua, akapata jina, akapata maoni juu ya vita, na sasa mwenye kazi yake alikuwa ameketi pale akijua kwamba mtu aliyemwacha huru amekuwa akiichezea kazi ya maisha yake mbele ya watu wanaokanyaga nguo katika mikojo ya kuzitakatisha. Marehemu aliniambia kwamba alikuwa na njia mbili, kuusoma mto kama ulivyoandikwa, Bwana afurahi na madobi wapige kelele za kukataa, au kuusoma na punda wake, watu wafurahi na Bwana amnyime mtoto, na kwamba alimtazama Primigeni, akawatazama wote wamesimama na mguu mmoja juu wakimngoja, akaona hawezi kuwadanganya hao, akasoma na punda.

Nilimwangalia mzee zaidi kuliko nilivyomsikiliza msomaji. Kitambaa kilishuka puani, kikashuka hadi magotini, punda alipomwambia jemadari kwamba yeye akizama hakuna atakayemwandikia shairi, madobi wakacheka hadi maji yakamwagika, naye mzee akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au ni kikohozi, kisha Primigeni akapiga kofi kwamba nguo zimeiva, baba mkwe akakatisha hapohapo kama desturi, punda akiwa ameingiza miguu miwili mtoni.

"Alivuka?" Bwana akauliza. Watu walikuwa wanakamua nguo. "Nauliza, huyo punda alivuka?"

"Kesho, mzee," Primigeni akamwambia kwa upole, "lete na shuka lingine."

Alileta. Alikuja siku tatu mfululizo na mashuka yaliyokuwa safi kuliko ya kwetu yaliyokwisha kufuliwa, na siku ya tatu, akiwa anapandishwa kwenye kiti, alimshika baba mkwe mkono, akasema, "Mimi nilimwacha babu yangu peke yake kwenye ule mto. Miaka kumi na mmoja, na sikuona kwamba yuko peke yake." Akauachia mkono. "Chukua mtoto wako. Mimi niachie punda." Nakala ya mwisho ya kitabu cha tisa, chenye ule mto, niliiandika mimi kwa mkono huu, Bwana akinitajia kila neno la punda, na hadi leo wapo watu wanaokuja dukani kuulizia hicho kitabu kimoja bila vingine.

Kwa kuwa Helpide hakuwa ametimiza miaka ambayo sheria inataka ili mtumwa aachwe huru, njia iliyokuwepo ni Bwana kumhamishia baba yake, na baba ndiye amwache huru mbele ya baraza la mahakimu, ambalo humkubalia mzazi, nalo lilikuwa linakaa baada ya siku nane, hivyo kwa siku nane baba mkwe wangu alikuwa na hati inayosema kwamba anammiliki mwanawe wa kumzaa. Sijawahi kumwona mtu aliyepewa alichoomba akawa na huzuni kiasi kile, hakuweza kumtazama binti machoni, akawa anamwombea radhi anapompa sahani, mpaka siku ya nane alipotamka maneno mbele ya baraza, hati ikaisha nguvu, wakarudi nyumbani wakipitia kwa muuza soseji.

Mimi na Helpide tulifunga ndoa siku tano kabla ya Ide za Juni, zile za katikati ya mwezi, mwaka wa nane wa Kaisari Hadriano. Majira ya baridi yaliyofuata marehemu alianza kuumwa koo, sauti ikapungua, ikawa mnong'ono, akatibiwa kwa asali, kwa mvuke na kwa kuchanjwa, bila nafuu, na Helpide akawa anamsomea, na yeye ambaye hakuwahi kusomewa na mtu maishani mwake alitusumbua kwa kunyoosha kidole kila binti alipoharakisha.

Mtoto wetu alizaliwa mwezi huu wa Mei, na siku ya tisa, siku ya kumpa jina, ambayo ilikuwa siku saba kabla ya Kalenda za Juni, mwaka wa tisa wa Kaisari Hadriano, tulimweka mapajani mwa babu yake. Alimtazama sana, akanivuta karibu, akanong'ona, "Huyu ni wa nani?" Nilidhani akili imeanza kumtoka, kisha nikaelewa, kwa sababu yeye tangu utotoni aliulizwa hivyo akajibu jina la mtu mwingine, na binti yake hivyohivyo, nikamjibu, "Ni wetu, baba." Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia," lakini wageni walikuwa mlangoni na maandazi yao, nikamwambia, "Pumzika kwanza, baba, nitarudia baadaye," nikaenda kuwapokea, na niliporudi Helpide alikuwa anamfumba macho. Alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inamshukuru tabibu Damioni, aliyeendelea kuja hata alipoishiwa dawa, inawashukuru majirani wa ghorofa zote, wasomaji wenzake, wauza vitabu wenzangu, na nyumba ya Volkeyo iliyomtolea nafasi kaburini, na madobi, ambao sina neno linalowatosha, nawaambia tu kwamba kwenu alikuwa na furaha, nami niliiona.

Baba, nimerudi. Ni wetu. Udongo ukulalie mwepesi.